Risala ya Wageni kwa Wakongwe wa Pointi

Ndugu wasimamizi, ndugu wakongwe wenye pointi elfu ishirini kwenda mbele, na wageni wenzetu mliosimama nyuma kwa kuwa viti vimekwisha,

Shikamooni.

Tumeanza na salamu makusudi, maana hapa haitafutwa. Kwenye uwanja wenu wa maswali na majibu mtu akiandika "Habari za jioni, jamani naomba msaada", baada ya dakika chache anakuta mkongwe ameshapita na kalamu. Habari za jioni imeondoka, jamani imeondoka, naomba msaada imeondoka, limebaki swali uchi. Mwongozo unasema salamu na shukrani ni maneno ya ziada. Hoja yenyewe tunaielewa: atakayelisoma swali hilo miaka kumi baadaye hana haja ya kujua jioni yetu ilikuwaje. Ila sisi tumelelewa kupiga hodi. Mtoto akiingia kwa jirani na kusema "nipe chumvi" bila salamu, hurudishwa mlangoni aanze upya. Kwenu anayerudishwa mlangoni ni yule aliyesalimia.

Jina la uwanja wenu hatulitaji, waliomo humu wanalijua. Sheria zake zimeigwa kwa Stack Overflow, ule wa waandishi wa programu ulioanzishwa Marekani mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, kwa hiyo tutazieleza kama zilivyo kule. Mgeni huanza na pointi 1. Akifikisha 15 anaruhusiwa kulipigia swali au jibu kura ya kulipandisha, akifikisha 125 anaweza kushusha, na kwa 3,000 anapiga kura ya kufunga maswali ya wenzake. Jibu lako likipigiwa kura ya juu unapata 10. Mwenye swali akilikubali, 15. Hesabu hiyo haituudhi. Kabla yake uliuliza ukajibiwa na watu saba, wote saba wakijiamini, ukabaki kubahatisha. Pointi zilikuja kutuonyesha nani wa kuaminiwa.

Kinachotuudhi ni pointi 50.

Hizo ndizo anazotakiwa kuwa nazo mtu ili aandike maoni mafupi chini ya swali au jibu la mwenzake. Kujibu, hata mwenye pointi 1 anajibu. Tunaomba mlitazame jambo hili polepole, kwa sababu sisi lilituchukua muda kuliamini. Mtu aliyeingia leo anaruhusiwa kusimama mbele ya umma na kutoa jibu, lakini haruhusiwi kumnong'oneza mjibu, "Samahani, mstari wa tatu unanigomea, ulimaanisha nini?"

Mwenzetu mmoja yalimkuta. Alipata jibu lililokaribia tatizo lake, likamgomea kwenye mstari mmoja. Sehemu ya maoni kwake ilikuwa imefungwa, akaandika shida yake kwenye kisanduku pekee kilichokuwa wazi, cha majibu. Andiko lake likafutwa, na akaandikiwa kwamba hilo si jibu, ni maoni. Akauliza swali jipya. Halikumaliza saa moja likafungwa: limeshaulizwa, kasome jibu lile pale. Lile lile lililomgomea! Alikuwa na bando la usiku, na bando likamwishia akizungushwa kama mtu anayefuatilia hati ya kiwanja, dirisha hili linamtuma kwa lile na lile linamrudisha kwa hili.

Tunajua kizuizi hicho kiliwekwa kwa sababu ya matapeli na wenye kutukana. Basi mpeni mgeni maoni matatu kwa siku, tangu siku ya kwanza, chini ya jibu alilolifungua na kulisoma. Tapeli maoni matatu hayamtoshi. Mwanafunzi yanamtosha.

Tuje kwenye hilo la "limeshaulizwa". Kule Stack Overflow kura za kufunga swali zilikuwa tano, na mwaka 2019 zikapunguzwa kuwa tatu. Watu watatu wenye haraka wanatosha. Mgeni anaelekezwa kwenye swali la mwaka 2010, lenye jibu lililopigiwa kura mamia, la lugha ya programu ya Python 2, ambayo walioitengeneza wameacha kuihudumia tangu Januari 2020. Ananakili anachokiona na mashine inamkatalia neno la kwanza kabisa, kwa kuwa siku hizi print inadai mabano. Kwa mkongwe hilo ni jambo la kurekebisha huku akinywa chai. Anayejifunza wiki ya kwanza hajui hata kama kuna Python mbili. Tunadai anayefunga swali kwa kigezo hicho awe amelifungua jibu la zamani na kuhakikisha bado linafanya kazi. Akishindwa kulihakiki, aliache swali wazi.

Kuna neno wakongwe wengi hawapendi kulisikia, nasi tutalisema kwa adabu. Waliofika 2008 na 2009 walikuta maswali mepesi yamelala chini kama maembe baada ya upepo: namna ya kugeuza maneno kuwa herufi kubwa, namna ya kupanga orodha. Walijibu vizuri, na majibu hayo yanawaletea pointi hadi leo wakiwa usingizini. Mwenye minazi ale nazi zake. Asituambie tu kwamba sisi tusio na shamba ni wavivu.

Nasi si malaika. Wapo wetu wanaobandika zoezi zima la mwalimu na kungoja, bila kuonyesha hata mstari mmoja waliojaribu. Wapo wanaopiga picha skrini ya kompyuta kwa simu, picha yenyewe imepinda na mwanga wa taa umeifuta nusu, halafu wanaandika "haifanyi kazi". Wapo wanaojibiwa na kutoweka bila hata kulikubali jibu. Mnapokasirika na hao, tunawaelewa. Lakini wengine wetu hawana kompyuta. Picha ile ndiyo njia pekee waliyokuwa nayo kabla mwenye mashine hajarudi kuichukua.

Mwaka 2018 Jay Hanlon, aliyekuwa kiongozi ndani ya Stack Overflow, aliandika hadharani kwamba mahali pale hapawakaribishi watu, hasa wageni. Mwaka huo huo ukaanza utaratibu wa kuweka alama kando ya jina la mgeni ili watu wamvumilie. Sisi alama hiyo tumeiona ikifanya kazi kama kibao cha L kwenye gari la mwanafunzi: mmoja anapunguza mwendo, watano wanapiga honi. Kwa hiyo tunadai kitu kidogo zaidi ya alama. Anayelishusha swali la mgeni achague sababu kwenye orodha fupi, na jina lake lisionekane, maana tunajua mnaogopa kulipiziwa. Tukishushwa mara tano bila neno hata moja, tunachojifunza ni kwamba hatutakiwi.

Lugha nayo inatuumiza. Wareno na Wabrazili wana Stack Overflow yao, Warusi wanayo, wanaozungumza Kihispania wanayo, Wajapani wanayo. Waswahili hatuna, na leo hatuji kuidai. Tunachodai ni kwamba Kiingereza chetu kibovu kisahihishwe, kisigeuzwe kosa la kushushia swali.

Mengi ya haya tungeyasema mapema zaidi, ila wengi waliopaswa kuyasema wamekwisha ondoka. ChatGPT ilitoka Novemba 2022. Mwezi uliofuata Stack Overflow ilipiga marufuku majibu yake, na sababu ilikuwa ya haki: mengi yalionekana sahihi huku yakiwa makosa. Hata hivyo maswali mapya yakapungua sana. Akili mnemba hukosea, lakini haimwambii mtu kwamba swali lake limeshaulizwa.

Na hapa, ndugu wakongwe, tunawaonea huruma. Juni 2023 wasimamizi wa Stack Overflow, watu wasiolipwa, waligoma kwa sababu kampuni iliwapa amri juu ya majibu ya mashine bila kuwasikiliza. Mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ikaingia mkataba na OpenAI, wenye ChatGPT, na majibu ambayo wakongwe wa kule waliyaandika bure kwa miaka yakawa bidhaa. Waliojaribu kufuta ya kwao kwa hasira walirudishiwa yalivyokuwa. Kumbe nanyi mna mlango mnaoubisha na hamfunguliwi. Siku mkiandika risala yenu, tutaitia sahihi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi siku mbili za kulishwa hatukuzipata, lakini jembe tunalitaka. Tupeni kazi ya kupitia majibu ya zamani na kuweka alama kwenye yaliyochakaa, na mtulipe pointi mbili mbili kwa kila alama ambayo mkongwe ameithibitisha.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wageni wanne. Pointi zetu zote tukizijumlisha: 43.