Ubaharia na Unahodha

Mwaka 1992 taasisi ya Marekani inayohifadhi kumbukumbu za mabingwa wa mieleka, iliyoko Stillwater katika jimbo la Oklahoma, ilimtunuku heshima mtu aliyekwisha kukaa kaburini miaka 127. Mtu huyo ni Abraham Lincoln, Rais wa 16 wa nchi hiyo, ambaye ulimwengu unamkumbuka zaidi kwa tangazo lake la tarehe 1 Januari, 1863, la kuwapa uhuru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Wengi wanaolijua tangazo hilo hawajui kwamba miaka 30 na ushei kabla yake mkono ule ule ulioshika kalamu ulikuwa ukishika viuno vya vijana wenzake na kuwabwaga mchangani.

Tumeona ni vyema leo tuizungumze habari hiyo, kwani ndani yake mna funzo kwa kila aliyekabidhiwa dhima ya watu, awe mkubwa au mdogo.

Lincoln alizaliwa Kentucky tarehe 12 Februari, 1809, katika kibanda cha magogo. Masomo yake yote ya darasani, yakijumlishwa pamoja, hayakutimia mwaka mmoja. Mengine aliyapata kwa kuazima vitabu na kusoma baada ya kazi ya shoka na jembe. Mwaka 1831 aliajiriwa na mfanyabiashara mmoja, Denton Offutt, kupeleka shehena mpaka New Orleans kwa mashua bapa ya mbao. Aliporudi alifanywa mwuza duka katika kijiji cha New Salem, kando ya mto Sangamon, jimboni Illinois. Alikuwa kijana wa miaka 22, mwembamba, mwenye mikono mirefu, na kimo cha karibu sentimita 193. Hakuwa na mali, jamaa wala jina katika kijiji hicho.

Zama hizo Illinois ilikuwa nchi ya mpakani. Serikali ilikuwa mbali, na heshima ya kijana ilipimwa kwa nguvu zake. Maili chache kutoka New Salem palikuwa na kitongoji kiitwacho Clary's Grove, na vijana wa huko walikuwa na ada ya kumjaribu kila mgeni. Mkuu wao, Jack Armstrong, alikuwa mtu wa miraba minne. Offutt, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alikuwa akijigamba kwamba mwuza duka wake hana mpinzani katika eneo lile. Majigambo hayo yaliwafikia wenyewe, dau likawekwa, na siku ikapangwa. Watu wakakusanyika kutazama Lincoln na Armstrong wakikabana.

Nani alishinda? Baada ya Lincoln kuuawa mwaka 1865, wakili mwenziwe, William Herndon, aliwatafuta wazee wa New Salem akaandika kumbukumbu zao, na kumbukumbu hizo hazikuafikiana. Wako waliosema Lincoln alimwangusha Armstrong. Wako waliosema Armstrong, alipoona anaelemewa, alitumia hila isiyoruhusiwa. Wengine walisema hapakuwa na mshindi. Walilokubaliana wote ni lile lililofuata: wawili hao walipeana mikono, na tangu siku hiyo Armstrong na vijana wake wakawa sahibu wa Lincoln. Mgeni akawa mwenyeji.

Kwa rai yetu, hilo ndilo lenye uzito. Watu wa Clary's Grove hawakuletewa sifa za Lincoln kwa barua. Walimwona kwa macho yao, mbele ya kadamnasi, akiwa katika dhiki. Walijua namna anavyosimama na namna anavyozuia hasira. Imani iliyojengwa hivyo haitikiswi na uvumi.

Matokeo yake yalionekana mwaka uliofuata. Mwezi Aprili, 1832, Illinois iliita vijana wajitolee kupigana na kundi la Wahindi Wekundu lililoongozwa na Black Hawk, lililokuwa limevuka mto Mississippi kurudi katika ardhi ya asili yake. Tusifiche kwamba vita hivyo vilikuwa sehemu ya dhuluma ndefu ya kuwanyang'anya wenyeji nchi yao, na kwamba Lincoln alishiriki. Lakini katika kikosi chake maaskari walimchagua kapteni wao wenyewe. Wakamchagua yeye, na Jack Armstrong akawa sajini wake. Mwaka 1859, alipokuwa mtu mashuhuri, Lincoln aliandika kwamba tangu uchaguzi ule hakuwa amepata ushindi mwingine uliomfurahisha kiasi hicho.

Katika vita hivyo hivyo alipambana kwa mieleka na askari wa kikosi kingine aliyeitwa Lorenzo Dow Thompson. Safari hii aliangushwa. Waliokuwepo walisimulia kwamba askari wa Lincoln walikataa matokeo, wakawa tayari kugeuza mchezo kuwa ugomvi, na kapteni wao ndiye aliyewazuia kwa kukiri kwamba mwenziwe amemshinda kwa haki. Wahenga wetu walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Hapa hatuna budi kugusa jambo moja. Inaenezwa hadithi kwamba Lincoln alipigana mieleka mara 300 na kushindwa mara moja tu. Hakuna daftari lililowekwa katika vijiji vile, wala mtu aliyehesabu. Kiongozi akishakufa, na wakati mwingine angali hai, hutokea watu wa kumpamba mpaka asitambulike. Humfanya asiyeanguka, asiyekosea, asiyechoka. Wao hudhani wanamtukuza, kumbe wanawanyima vijana mfano wa kufuata, kwani nani awezaye kumfuata mtu asiyepata kuanguka? Lincoln mwenyewe hakuwa mtu wa kujipamba hivyo. Mwaka 1848, akiwa mbunge huko Washington, aliwachekesha wenzake kwa kuwaambia kwamba katika vita vya Black Hawk damu aliyoimwaga ni ile iliyonyonywa na mbu.

Mwezi Agosti, 1832, alisimama kuwania kiti katika baraza la kutunga sheria la jimbo. Alishindwa, akawa wa 8 kati ya wagombea 13. Lakini katika kituo cha New Salem, kati ya kura zipatazo 300 zilizopigwa, yeye alipata 277. Waliomjua walimpa, wasiomjua walimnyima. Hakununa wala hakuwatukana wapiga kura. Alirudi kwa watu, na mwaka 1834 akachaguliwa.

Miaka ikapita. Lincoln akawa wakili mwenye jina, akahamia mjini Springfield. New Salem ikahamwa na watu wake. Jack Armstrong akafa. Mwaka 1857 mtoto wa marehemu huyo, William, aliyezoeleka kwa jina la Duff, akashitakiwa kwa mauaji. Mama yake, Hannah, ndiye aliyekuwa akimpikia Lincoln na kumshonea nguo enzi za ufukara wake. Lincoln alijitolea kumtetea kijana huyo bila ya malipo.

Kesi ilisikilizwa Beardstown mwezi Mei, 1858. Shahidi mkuu alidai kwamba aliyaona mauaji usiku kwa mwanga wa mwezi uliokuwa juu mbinguni. Lincoln alimwachia aseme na kurudia. Kisha akatoa kitabu cha kalenda kinachoonyesha nyakati za kuchomoza na kutua kwa mwezi, akawaonyesha wazee wa baraza kwamba saa ile mwezi ulikuwa umekaribia kuzama. Kijana akaachiliwa. Miaka 27 baada ya mieleka ile, deni la urafiki likalipwa kwa mtoto.

Huenda msomaji akatuuliza: je, huo si upendeleo? Swali ni la haki. Mwaka 1858 Lincoln hakuwa na cheo chochote cha serikali. Alichomlipia Hannah kilikuwa elimu yake na jasho lake, mbele ya mahakama ya wazi, kwa ushahidi uliochunguzwa na upande wa pili. Hakumpigia hakimu simulizi za pembeni wala hakuficha faili. Mwaka 1863 lakini, akiwa Rais, Hannah alimwomba Duff atolewe jeshini, naye akaamuru atolewe. Hapo watu wenye insafu wanaweza kutofautiana. Wako watakaosema ni huruma kwa mjane, na wako watakaosema wajane wengine wengi wenye watoto vitani hawakuwa na rafiki Ikulu. Sisi tunasema kwamba mpaka upo na kila mwenye dhamana aujue: fadhila uliyotendewa ilipe kwa kilicho chako. Mali ya umma na amri ya umma ni amana, na amana haitumiki kulipia deni la mtu.

Lakini ugonjwa unaotusumbua zaidi maofisini ni mwingine, na ndio uliotufanya tuandike. Ni ugonjwa wa kusahau. Mtu hutoka kijijini akiwa na shati moja, akasoma kwa michango ya jamaa na majirani. Akishapata kiti, mzee aliyemlea akija ofisini huambiwa bwana mkubwa yuko mkutanoni, arudi kesho, na kesho arudi tena. Mvuvi hudai haki yake ya kawaida, isiyo upendeleo wowote, naye hutazamwa kama mdudu. Afisa wa namna hiyo haombwi kuvunja sheria. Anaombwa anyanyue macho yake kwenye meza, amtambue binadamu aliye mbele yake, na amtimizie kile ambacho sheria yenyewe imekwisha kumpa.

Sisi watu wa visiwani tunayo methali isiyohitaji tafsiri: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Lincoln aliingia New Salem akiwa baharia hasa, juu ya mashua ya mbao yenye shehena ya mtu mwingine. Alipokuwa nahodha wa taifa zima, katika tufani kubwa kuliko zote lililopata kuikumba nchi yake, hakusahau ni nani waliompokea gatini. Aliyeshinda mieleka ile ya mwaka 1831 hatutamjua kamwe. Tunajua tu kwamba aliyeingia uwanjani akiwa mgeni alitoka na watu nyuma yake, na kwamba alipopanda juu hakuwapa kisogo. Hilo linawezekana kwa kila mwenye cheo, hata asiyejua kupiga ngwala.