KUTANGAZA SI KUPAAZA SAUTI

Neno la Kiingereza "declare" sisi hulitafsiri "tangaza", kisha tukaenda zetu. Lakini asili zake ni mbili tofauti. "Declare" lilitoka katika Kilatini, na ndani yake mna "clarus", yaani wazi, angavu. "Tangaza" nalo limezaliwa na "tangaa", yaani kuenea. Basi moja lataka jambo lieleweke, lingine lataka lisikike tu!

Mwaka wa 2017, matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 11 Agosti, nchi nzima ikasikia. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikayafuta. Majaji wanne kati ya sita waliona kwamba shughuli yenyewe haikuwa wazi. Yalitangaa, hayakueleweka.

Hapa Gitothua nako, gari la spika hupita likitangaza ploti za bei nafuu. Mzazi akiuliza hati iko wapi, sauti inaongezwa! Debe tupu haliachi kuvuma.

Kwa maoni yangu, yeyote anayetangaza, awe kiranja gwarideni ama muuza ploti, sharti akubali kuulizwa maswali. Asiyetaka maswali hajatangaza kitu, amepiga kelele tu.