Kivu: Kubadilisha gari la zamani litumie gesi hakuponyi moteri mbovu

Kila mara bei ya esansi inapopanda Goma na Bukavu, swali moja linarudi kati ya wenye magari ya zamani: kwa nini wasibadilishe moteri itumie gesi, kama wanavyofanya madereva wengi wa Dar es Salaam? Swali lina msingi. Kilo 1 ya gesi asilia ina nguvu karibu sawa na lita 1 na nusu ya esansi. Tanzania inaichimba nyumbani: gesi ya Songo Songo inafika Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004. Lakini kwa mkaaji wa Kivu, hesabu inapaswa kuanzia garaji.

Magari mengi ya hapa yalitumika kwanza Japani, kisha yakapitia bandari za Dar es Salaam au Mombasa. Yanafika moteri ikiwa imechoka, na gari linalokunywa esansi kupita kiasi mara nyingi ni gari linaloumwa. Filtre iliyojaa vumbi la volkano, buji zilizokwisha, breki zinazobana na matairi yenye upepo kidogo, vyote vinaongeza matumizi. Mafundi wengine nao wanazidisha ubaya. Moteri ikipata moto sana kwenye vilima vya Bukavu, wanatoa termostati na kuitupa. Moteri inachelewa kupata joto lake na inadai esansi zaidi, wakati radiateri iliyoziba haijaguswa.

Moshi unasaidia kujua ugonjwa. Ukiwa wa bluu, moteri inaunguza oili. Ukiwa mweusi, esansi ni nyingi kuliko hewa. Mweupe kidogo asubuhi ni mvuke tu, ila usipoisha na maji ya radiateri yanapungua, joint ya kulasi inashukiwa. Fundi mwenye kipimo cha kompresio anaenda mbali zaidi. Silinda moja ikiwa dhaifu, anamimina ndani oili kidogo na kupima tena. Kipimo kikipanda, pete za pistoni zimekwisha. Kisipopanda, supape ndizo zinazoshukiwa.

Gesi haitengenezi hata kimoja kati ya hivyo. Inahitaji cheche yenye nguvu kuliko esansi, kwa hiyo buji na bobini zilizochoka zinaanza kukatisha moteri. Ni kavu pia, na katika moteri za zamani inaweza kula haraka vikalio vya supape. Isitoshe, Goma iko karibu mita 1.500 juu ya bahari, ambako hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Gesi inachukua tena nafasi ya sehemu ya hewa hiyo, na moteri inaweza kupoteza asilimia 10 nyingine ya nguvu. Dereva wa Dar es Salaam, kwenye barabara tambarare, hasikii upungufu huo kama mwenye kupanda kutoka ziwani na abiria watano. Na magari ya mazutu hayana buji kabisa. Kuyabadilisha ni kazi nyingine, yenye gharama kubwa zaidi.

Kuna pia swali la mahali pa kujaza. Ziwa Kivu lina methani inayokadiriwa mita za ujazo bilioni 60, lakini Karongi, Rwanda, inatumika kutoa umeme, megawati 26 katika kiwanda cha KivuWatt. Upande wa Congo, serikali ilitangaza mwaka 2022 zabuni ya maeneo matatu ya gesi ziwani: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Hadi sasa dereva wa Goma hana pampu ya kujazia gesi hiyo.

Pengo hilo ndilo linaloleta kishawishi cha kutumia chupa ya jikoni. Hapo hatari ni ya maisha. Gesi asilia ya magari inawekwa kwa shinikizo la bar 200, katika mtungi mzito unaokaguliwa. Chupa ya jikoni haikutengenezwa kubeba shinikizo hilo. Na gesi yake ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja garini inajikusanya chini, miguuni mwa abiria, na cheche moja inatosha.

Kabla pampu na wakaguzi hawajafika, pesa iliyowekwa kwa ajili ya mtungi itafanya kazi zaidi ikilipia filtre, buji, termostati mpya na kipimo cha kompresio. Siku gesi ikifika, magari yatakayofaidika nayo ni yale yenye moteri nzima.