Picha Haina Uzito

Haya jamani, leo nimekuja na hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi mzee jirani yangu hapa Chepseon alinijia na sarafu aliyokuwa akiuziwa, eti dinari ya fedha ya Trajan, mfalme wa Roma. Alikuwa ameshaipiga picha kwa simu, na programu moja ikamjibu: "Halisi, asilimia 94." Mzee alikuwa tayari kuuza ndama.

Waandishi wa programu wenzangu, hiyo 94 mmeitoa wapi? Picha haina uzito. Hapa kwetu hakuna mkulima atakayekubali karani wa kituo akadirie kilo za majani chai kwa kutazama picha ya gunia. Atataka mizani, na macho yake yatakuwa kwenye mizani hiyo!

Nikatoa mizani yangu ndogo ya vito. Gramu 3.30. Sawa kabisa, dinari za Trajan zinakaribia hapo. Mwigaji alijua kazi. Kisha nikaweka kikombe cha maji juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri, nikaining'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa kikombe. Ikasoma 0.40. Gawanya 3.30 kwa 0.40 upate 8.25. Fedha safi ni 10.5, na dinari ya Trajan, ikiwa na shaba kidogo ndani, bado hufika 10 hivi. Hii yetu haifikii hata shaba tupu, ambayo ni 8.9. Ukingoni kulikuwa na mstari mwembamba kuzunguka, alama ya kalibu ya vipande viwili, ilhali dinari ziligongwa kwa muhuri. Dakika kumi tu, na mzee mwenyewe ndiye aliyeshika uzi.

Kosa lingine, na hili linaniudhi zaidi: hizi programu zina majibu mawili tu, halisi au bandia. Nani aliwaambia ukweli wa sarafu ni boolean? Baada ya mwaka 270 hivi, huko Gaul na Uingereza, watu walijigongea sarafu ndogo wakiiga za Tetricus, maana chenji ilikuwa haba. Sura zimepinda, maandishi hayasomeki. Hazikutoka serikalini, lakini zina umri wa miaka 1,700 na zilitumika sokoni. Utaziweka kisanduku gani?

Na sarafu inaweza kuwa ya kweli, hadithi yake ikawa na walakini. Kapteni Haywood alisema alipata sarafu za Roma Bur Gao, kusini mwa Somalia, mwaka 1912. Pamoja nazo zilikuwamo za Mamluki na Waosmani, za karne nyingi baadaye. Wanaakiolojia wameitilia shaka habari hiyo, si chuma chenyewe. Picha ingesema nini hapo?

Basi iombeni kwanza uzito, kipenyo na picha ya ukingo. Mtu asipokuwa navyo, programu iandike "sijui" na inyamaze.

Mzee amerudisha sarafu. Ndama yuko zizini.