Vioo vya Chumba cha Kompyuta

Nimesikia ya kuwa wanafunzi wa zamani wa shule hii wanachanga fedha za kununua vioo vipya vya chumba cha kompyuta, na ya kuwa wengi wao wataka vya 4K, kwa sababu vina nukta nyingi. Mimi ni mmoja wao, na kazi yangu ya kila siku ni kuandika programu. Basi naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno kabla fedha hazijatumika.

Kwanza hali ya sasa. Nilipozuru chumba kile niliona wavulana wamepunguza nukta ili herufi ziwe kubwa. Kioo kimeundwa kwa nukta 1920 kwa 1080, nao wamekiweka 1280 kwa 720. Herufi zimekua kweli, lakini zimefifia kama maandishi yaliyolowa maji. Sababu yake ni hesabu tupu: kila nukta ya picha yapaswa kujaza nukta moja na nusu ya kioo, na nusu ya nukta haipo, basi rangi za jirani huchanganywa. Yafaa kioo kiachwe katika hesabu yake ya asili, kisha herufi zikuzwe kwa asilimia, 125 au 150, au zikuzwe ndani ya programu ya kuandikia peke yake. Hapo kompyuta huzichora upya kwa nukta nyingi zaidi, haizivuti.

Sasa hiyo 4K. Ina nukta 3840 kwa 2160, yaani mara nne kamili ya zile za vioo vyetu. Katika kioo cha inchi 27, nukta kama 163 huingia katika kila inchi, na pasipo kukuza, herufi huwa kama sisimizi. Ukikuza asilimia 200 herufi ni safi ajabu, lakini nafasi ya kazi ni ile ile ya 1920 kwa 1080. Ukikuza 150 wapata nafasi ya 2560 kwa 1440. Lakini programu za zamani za Windows zisizojua kukuzwa huvutwa tu, zikarudi na ukungu ule ule tuliokuwa tukiukimbia. Kadhalika kompyuta kuukuu hutaabika kuchora nukta zote hizo.

Ningekuwa nanunua kioo cha mezani kwangu, ningechukua 4K bila kusita. Kwa chumba cha shule nashauri inchi 27 zenye nukta 2560 kwa 1440. Hapo ni nukta kama 109 kwa inchi, na wengi wetu twaweza kusoma kwa asilimia 100 tukikaa umbali wa mkono ulionyoshwa. Tena mstari ukiwa na kimo cha nukta 20, kioo cha 1080 chaingiza mistari 54, na hiki 72. Mwenye kuwinda kosa katika programu ajua thamani ya mistari 18.

Liko jambo jingine, nami naliona kubwa kuliko bei. Nilisikia mvulana akichekwa kwa kuwa amekuza herufi zake, wakimwita babu. Akazipunguza, akakaa pua karibu na kioo saa nzima. Asiyeona vizuri na aonyeshe shida yake wapi, ikiwa si hapo? Nawaomba walimu waruhusu kila mtu aweke asilimia yake, na wenzangu wa zamani, ambao wengi twavaa miwani sasa, tuwaambie vijana hao wazi.

Na ikiwa kamati itachagua 4K hata hivyo, basi itazame nyaya na kompyuta zenyewe. Tundu la HDMI 1.4 hupeleka picha ya 4K mara 30 tu kwa sekunde, na mshale wa kipanya huonekana ukirukaruka, HDMI 2.0, iliyotoka mwaka 2013, hupeleka mara 60.