Mtoto Mwenye Usonji Naye Ana Kisa Chake

Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Elimu Tanzania,
Dar es Salaam.

Yah: Watoto wenye usonji katika vitabu vya hadithi

Ndugu Mkurugenzi,



Tathmini ya vitabu vya ziada iko mikononi mwenu. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, yenye kipengele cha hadithi za watoto, mnaisimamia ninyi. Ndiyo maana nimeanzia kwenu.

Mtoto mwenye usonji akiingia hadithini, mara nyingi hupewa kazi moja kati ya mbili: kumfundisha kaka yake subira, au kuwa bingwa wa hesabu. Sura hii ya pili ilienea sana kupitia riwaya ya Mark Haddon, The Curious Incident of the Dog in the Night-Time (2003). Haddon mwenyewe amewahi kusema yeye si mtaalamu wa usonji.

Binti yangu hayumo kwenye sura hizo mbili. Hupanga vizibo vya soda barazani kwa rangi. Kilichopinda hukitupa uani. Bodaboda ikipiga resi, huziba masikio mpaka ipite, kisha huendelea alipoishia. Ana anachokipenda, ana asichokitaka, na hadithi huanzia hapo.

Elle McNicoll, mwandishi mwenye usonji, alilijua hilo. Katika kitabu chake A Kind of Spark (2020), Addie, msichana mwenye usonji anayeishi katika kijiji cha Uskoti, anadai kumbukumbu ya wanawake waliouawa zamani kwa tuhuma za uchawi. Kitabu hicho kilishinda Tuzo ya Vitabu vya Watoto ya Waterstones mwaka 2021. Kwetu, ambako mtoto aliyechelewa kusema huambiwa karogwa, Addie angepata wasomaji wengi.

Ninaomba mawili. Kwanza, kabla ya kupitishwa, mswada wenye mhusika mwenye usonji usomwe na mtu mwenye usonji, au mzazi, au mwalimu wa elimu maalumu. Pili, tangazo la Tuzo liwaalike wazi waandishi wenye usonji.

Mwandishi ana uhuru wake, nakubali. Lakini usonji si ugonjwa. Kitabu kikiisha kwa mtoto kuombewa na “kupona”, kirudisheni kwa mwandishi, kama ambavyo mngekirudisha chenye makosa katika jedwali la kuzidisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi, Morogoro