Masika Yaja, Tutazame Mapaa Yetu



Mwezi wa Machi ufikapo, kaskazi hulegea, joto hutuchosha, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huwa imekwisha kutoa utabiri wa masika, yaani mvua za Machi hadi Mei. Wengi wetu huusoma, kisha tukauweka kando kama barua isiyotaka jibu. Nami ni mmoja wao: mwaka jana niliahirisha kuziba paa, na usiku mmoja vyeti vya wanangu vikaloa. Hasara yangu ilikuwa ndogo. Mwezi wa Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kuwa watu 155 wamekufa kwa sababu ya mvua kubwa na mafuriko.

Basi, mabwana na mabibi, utabiri ni barua ya kazi. Tuijibu kwa jembe mferejini kabla mawingu hayajatanda.